Safu ya Mwenyeji

Mwalimu Luhende alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuna daktari wa Mwanza angeweza kuutibu: hakuweza kuona nafasi tupu kwenye fomu akaiacha ilivyo. Miaka thelathini na miwili alifundisha darasa la tano na la sita, mingi yake katika kata alikozaliwa, na kila mtoto aliyepita mikononi mwake alitoka akijua kwamba palipoandikwa Jina huandikwa jina, palipoandikwa Tarehe huandikwa tarehe, na mstari ukiachwa wazi ni utovu wa adabu. Alikuwa na mwandiko mzuri. Alijua kwamba ni mzuri, na watu walimsifu mpaka wakamharibu.

Lakini tuanze na mama yake, maana bila yeye pasingekuwa na shauri lolote.

Bibi Mhoja alikuwa amefikia umri ambao hakuna aliyejisumbua kuuhesabu tena. Mwaka ule wa tisini na sita alikuwa akikaa kwa mwanawe Mkuyuni, katika chumba cha nyuma chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Miguu ilikuwa imevimba, macho yamefifia, ila masikio na ulimi vilikuwa vizima kabisa. Hakudai nyama wala hakudai daktari. Alidai jambo moja tu, asubuhi na jioni: siku yake ikifika, akazikwe Isenyelo, kando ya mumewe.

Isenyelo ni ufukweni, safari ya nusu siku kutoka stendi ya Buzuruga, ukishaiacha barabara kuu na kukata kushoto kuelekea ziwani, mahali ambapo mbuga ya wanyama inateremka mpaka majini. Hapo ndipo baba yake Luhende alipokuwa na mji wake, ng'ombe wake na ua wake wa minyaa, na hapo alizikwa mwaka wa uhuru, pembeni ya zizi, kama walivyozikwa wenye miji wa zamani. Mwaka wa sabini na nne serikali ilikuja na malori, ikawapakia watu na vyungu vyao, ikawapeleka kwenye kijiji kipya mbali na maji, wakae pamoja wapende wasipende. Nyumba ilibomolewa. Ng'ombe walikwenda kwa miguu. Kaburi tu ndilo lililobaki.

Kisha dunia ikageuka. Mashirika ya umma yakauzwa, viwanda vikafungwa, watu wakapunguzwa kazini, na neno jipya likaingia mjini likitamkwa kwa heshima kuliko jina la askofu: mwekezaji. Mwekezaji hakuulizwa maswali, alisogezewa kiti. Wawekezaji wa viwanda vya samaki walichukua minofu ya sangara wakatuachia mapanki, yaani kichwa na mifupa, nasi tukayakaanga tukala na watoto wetu, tena kwa kugombania. Na huko Isenyelo mwekezaji mwingine, Bwana Nurudin, mtoto wa mwuza nguo wa siku nyingi pale mjini, alishirikiana na Wazungu wawili wa Nairobi, wakapewa na serikali ya kijiji ufukwe mzima. Wakasimamisha kambi ya watalii, mahema sita. Ukisikia hema usifikirie turubai za wakimbizi. Tutafika huko.

Mwalimu Luhende alipopata habari aliandika barua kwa baraza la kata, kurasa tatu, mwandiko ule ule. Baraza likaagiza kambi isiguse upande wa ua wa minyaa mpaka shauri lisikilizwe. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake mtu mkubwa kusimamishwa na barua yake. Wiki nzima alipita mitaa ya Mkuyuni kifua mbele, na kila aliyemsalimia alipewa habari hiyo hata kama alikuwa na haraka zake.

Wiki ya pili gari likasimama mlangoni. Alishuka Pius, meneja wa kambi, shati jeupe, viatu vinang'aa. Alikuwa Pius yule yule aliyekaa dawati la mbele mwaka wa sabini na tisa, ambaye Mwalimu alimshika mkono akamfundisha kuandika herufi kubwa ya P mpaka ikawa na tumbo la heshima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Pius. Umekuwa mtu mzima."

"Ni fimbo zako hizo, Mwalimu." Pius alicheka, akapokea kiti kwa mikono miwili. Aliuliza hali ya mama, aliuliza hali ya watoto, akanywa chai bila haraka, kisha akasema, "Mwalimu, haya mambo ya kupelekana barazani si yetu. Njoo kwetu siku mbili. Ulale, ule, ujionee kwa macho. Kaburi la mzee utanionyesha wewe mwenyewe, mimi nitalizungushia uzio. Tuyamalize kabla hatujaaibishana mbele ya watu."

Mwalimu alikubali kabla chai haijapoa. Mkewe, Teodora, alingoja gari liondoke.

"Baba Suzana, umemsikia? Amesema njoo kwetu. Kwetu wapi?"

"Ni namna ya kusema tu, Mama Suzana. Mtoto ana adabu."

"Mnashitakiana naye, halafu unakwenda kulala kwake?"

"Siendi kulala. Nakwenda kukagua. Nitapima hatua kutoka kwenye ua mpaka kaburini, nitachora ramani, nitarudi na ushahidi."

Akafunga mkoba: daftari la mistari, penseli mbili, kamba ya katani ya kupimia. Asubuhi ya safari aliingia chumba cha nyuma kuaga. Bibi Mhoja alimshika kiganja akakikamata kweli kweli.

"Ukifika, kabla hujatia kitu mdomoni, nenda ukamwamkie baba yako. Mwambie nakuja."

"Sawa, mama."

"Kabla hujatia kitu mdomoni, Luhende."

"Nimesikia, mayu."

Na alikuwa na nia hiyo kabisa. Tusimwonee. Njia nzima kutoka Buzuruga, gari la kambi likiruka mashimo, alikuwa akipanga maneno ya kumwambia baba yake, na jinsi atakavyopiga goti pale pembeni ya zizi, na Pius akimtazama kwa heshima.

Walifika saa sita mchana. Hata hajashusha mguu vizuri, mhudumu aliyevaa kitenge alimletea kitambaa chenye maji baridi kwenye sahani, akikishika kwa koleo ndogo. Mwalimu hakujua kama kinaliwa au kinavaliwa. Pius akamwonyesha: ni cha kufutia vumbi usoni. Alipomaliza kujifuta, mkononi mwake tayari palikuwa na glasi ya juisi ya ukwaju yenye vipande vya barafu. Alikumbuka maneno ya mama yake. Akajiambia juisi si chakula. Koo lilikuwa limekauka kwa vumbi la njia nzima, akainywa yote.

Pius akaleta kitabu. Kilikuwa kitabu kikubwa chenye jalada la ngozi, nacho kilikuwa kitabu cha wageni, kama kile cha shuleni, kama kile cha ofisi ya kata na zahanati na kila mahali katika nchi hii ambapo mtu hawezi kukanyaga bila kusaini. Mwalimu alifurahi kukiona. Alikaa sawa, akakunja mkono wa shati, akaichukua kalamu.

Tarehe. Aliandika. Jina. Aliandika, herufi kubwa ya L akaipinda kama alivyoipinda maisha yake yote. Anakotoka. Mkuyuni, Mwanza. Kisha ikafuata safu iliyoandikwa Mwenyeji.

Kalamu ilisimama. Mwenyeji wake hapa ni nani? Mifupa ya baba yake iko hatua mia mbili kutoka kwenye kiti hiki. Yeye mwenyewe kitovu chake kimezikwa humu humu. Alifikiri kuandika "mimi mwenyewe," akatabasamu peke yake. Lakini glasi ya mtu unayo mkononi, kitambaa cha mtu umejifutia uso, halafu uandike hivyo? Ingekuwa ujeuri. Akafikiri aache wazi. Hilo nalo mkono ulikataa.

"Andika tu Bwana Nurudin, Mwalimu," Pius alisema kwa upole. "Ndiye aliyekukaribisha."

Akaandika: Bwana Nurudin. Safu ya mwisho ilikuwa ya Madhumuni. Neno "kukagua" lilikuwa tayari kwenye ncha ya kalamu, lakini aliliona kama la kuanzisha ugomvi mezani kwa watu. Akaandika: Mapumziko.

"Sasa kaburini," alisema, akainuka na mkoba wake.

Pius alitazama kule kwenye minyaa, akashusha sauti. "Mwalimu, pale jirani ni hema namba sita. Kuna wazee wawili wa Kizungu, wanasherehekea miaka arobaini ya ndoa. Wametoka mbali, wamelala. Tusiwashtue. Kesho saa tisa wanakwenda kuangalia tembo, tutapata nafasi nzuri, bila haraka. Hata baba angependa tutulie."

Mwalimu alikuwa mtu anayeheshimu usingizi wa wageni. Akasema sawa, kesho.

Basi akapelekwa hema namba mbili. Sakafu ilikuwa ya mbao, juu yake zulia la mkeka. Kitanda kilikuwa cha mninga, kipana cha kulaza watu wanne wa Mkuyuni, na shuka nyeupe zilizopigwa pasi mpaka kwenye pembe. Mbele palikuwa na baraza na viti viwili vya kukunja, na ziwa lote limetandazwa mbele yako bila mtu hata mmoja anayefua au kuosha baiskeli ndani yake. Nyuma palikuwa na bafu. Mfanyakazi alikuja akauliza mzee angependa maji yawe ya moto kiasi gani. Katika miaka sitini na tatu ya kuishi kwake, Luhende hakuwahi kuulizwa swali hilo. Nyumbani maji yalikuwa ya moto kama kuni zipo, na kama hazipo yalikuwa ya baridi.

Alioga mpaka vidole vikakunjamana. Jioni alilishwa minofu ya sangara iliyokamuliwa limau, na viazi, na mboga ambayo hakuijua jina. Alipotia kipande cha kwanza mdomoni aliwaza mapanki yaliyoko kwenye kikaango cha Teodora saa hiyo, na mama yake akichokonoa nyama katikati ya mifupa kwa vidole visivyoona. Ilimuuma, nasema kweli. Ilimuuma kwa kipande cha kwanza na cha pili. Cha tatu kiliteremka vizuri.

Siku ya pili aliletewa chai kitandani. Kijana wa jikoni alibisha kwenye turubai, akamwamkia kwa Kisukuma, "Ng'wangaluka, baba," akaweka birika na biskuti. Mwalimu aliketi kitandani na mto mgongoni, akatazama viboko wakirudi majini, akajisikia mtu. Hilo ndilo neno. Miaka yote ile ya chaki na mshahara wa kuchelewa, pensheni ya kuombaomba kwenye madirisha ya ofisi, hakuna aliyewahi kumtendea kama mtu anayestahili kuamshwa taratibu. Alikuwa na hasira na Bwana Nurudin, na hasira ile aliitafuta asubuhi ile akaikosa.

Asubuhi walimpeleka kwa mashua kuona ndege. Bwana Nurudin mwenyewe alikuja, mtu mnene mpole mwenye tasbihi mkononi, akampa mkono, akamwita Mwalimu, akasema amesikia sifa zake. Mchana walikula tena. Saa nane Mwalimu alirudi hemani, akaweka daftari, penseli na kamba juu ya meza ya baraza tayari kabisa, akajilaza juu ya shuka anyooshe mgongo. Saa tisa si mbali, alijiambia.

Alipofumbua macho jua lilikuwa limeshagusa maji. Aliruka akatoka nje bila viatu. Kule kwenye hema namba sita wazee wa Kizungu walikuwa wamesharudi, wamekaa na vinywaji vyao, na mama yule akampungia mkono kwa furaha kana kwamba wanafahamiana. Nyuma yao, juu ya paa la turubai, vilionekana vichwa vya minyaa ya baba yake.

Pius alikuja akitembea taratibu. "Tulikuja kukuita, Mwalimu. Ulikuwa umelala fofofo. Nikasema, mzee amechoka, tusimwamshe."

Walikuja kumwita, au hawakuja? Mwalimu alijiuliza hilo baadaye, mara nyingi. Lakini wakati ule aliona aibu tu, aibu ya mtu mzima aliyelala mchana, na badala ya kusema twende sasa hivi, alisema kwa kujitetea, "Basi kesho asubuhi, kabla ya gari."

Kesho yake asubuhi gari liliondoka saa kumi na mbili na nusu, kwa sababu wazee wa hema namba sita walikuwa na ndege ya kuwahi Mwanza. Mwalimu alikuwa bado na povu la sabuni masikioni alipoitwa. Kitabu kililetwa hadi kwenye dirisha la gari, kimefunguliwa ukurasa ule ule, mbele ya safu ndogo ya Maoni. Injini ilikuwa inanguruma, Wazungu wanangoja, na nafasi ilikuwa tupu. Aliandika: Nimepokelewa vizuri sana. Mungu awabariki wenyeji wangu.

Gari lilipopita kwenye minyaa aligeuza shingo. Aliona kipande cha ua, jiwe moja au kichuguu, hakuwa na hakika. Akapunga mkono. Mama wa Kizungu alidhani anamuaga mfanyakazi fulani, naye akapunga.

Nyumbani alipoingia chumba cha nyuma, Bibi Mhoja aliuliza swali moja.

"Umemwamkia?"

"Nimemwamkia, mama."

"Amekuitikia?"

"Ameitikia."

Bibi kizee akashusha pumzi, na siku hiyo alikula vizuri kuliko siku zote.

Shauri lilisikilizwa wiki tatu baadaye katika ofisi ya kata, chumba chenye madawati ya kuazima shuleni. Mwenyekiti wa baraza, mzee Ndalahwa, alivaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Teodora alikaa nyuma na wanawake wengine. Mwalimu alizungumza vizuri. Alieleza habari ya baba yake, zizi, minyaa, malori. Wazee wawili wa kijiji waliinuka wakasema ni kweli, mji ule ulikuwepo, wao wenyewe waliwahi kunywa maziwa pale. Watu walikuwa wakitikisa vichwa kukubali, na Mwalimu akaona njia nyeupe. Moyoni alikuwa ameshamwona mama yake akiteremshwa pale alipopataka.

Ndipo Pius akasimama. Alianza kwa kumwinamia Mwalimu. "Shikamoo, Mwalimu." Mwalimu akaitika marahaba mbele ya watu wote, angefanya nini? Kisha Pius akafungua kitabu cha jalada la ngozi, akakiweka juu ya meza ya mwenyekiti, akaweka kidole.

Mzee Ndalahwa alisoma kimya, midomo ikicheza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mwalimu, mwandiko huu ni wako?"

Angeweza kuukana mkono wake, lakini mwandiko ule haukuwezekana kukanwa. Nusu ya watu waliokuwa kwenye chumba kile walifundishwa kusoma kwa mwandiko ule.

"Ni wangu."

"Hapa pameandikwa mwenyeji. Wewe umejaza Bwana Nurudin."

"Ndiyo, lakini Mheshimiwa Mwenyekiti, neno mwenyeji lina maana mbili. Maana ya kwanza ni yule anayempokea mgeni. Maana ya pili ni yule mwenye asili ya mahali..." Mkono ulikuwa umeshainuka wenyewe kutafuta ubao. Vijana waliosimama mlangoni wakacheka.

"Kiswahili tunakijua wote, Mwalimu," mzee Ndalahwa alisema, wala hakusema kwa ubaya. "Sasa wewe uliandika ipi?"

"Niliandika ya kwanza. Yule aliyenikaribisha."

Mjumbe mmoja wa baraza, mzee aliyekuwa akisinzia tangu asubuhi, alifumbua jicho. "Kwani mtu hukalibishwa nyumbani kwake? Mimi sijawahi kukalibishwa kwangu. Naingia tu."

Kicheko kilijaa chumba. Mwalimu alimtazama Pius, na Pius akatazama chini. Usoni mwake hapakuwa na ushindi. Laiti pangekuwapo, Mwalimu angejua amchukie vipi.

"Isome na hiyo ya mwisho," mwenyekiti akasema, na Pius akaisoma, kwa matamshi safi kama alivyofundishwa: Mungu awabariki wenyeji wangu.

"Mimi niliandika kwa adabu," Mwalimu alisema. "Mtu akikulisha unamshukuru. Mnataka ningeandika nini?"

Kila mtu pale chumbani angeandika vile vile. Hilo ndilo linalonitia hasira mpaka leo. Tunamshukuru mtu anayetufungia mlango wetu, tena tunamwombea baraka, kisha tunashangaa ufunguo uko kwake.

Mzee Ndalahwa alikuwa bado anatafuta njia ya kumsaidia, hilo lilionekana. Alijiegemeza mbele. "Mwalimu, haya ni maandishi. Tuyaweke pembeni. Ulikaa pale siku tatu hesabu ya kuingia na kutoka. Ulikwenda kwenye kaburi la baba yako? Ukituambia lilipo, hali yake, jiwe lake, hatua ngapi kutoka kwenye ua, baraza litakwenda kuliona kesho."

Mwalimu alihisi macho ya Teodora mgongoni. Angeweza kusema uongo. Alikuwa ameshausema mara moja na ulikwenda vizuri. Lakini pale mbele alikuwa amesimama Pius, aliyemwona usingizini, na kamba ya katani ilikuwa bado imekunjwa kwenye mkoba kama ilivyotoka dukani.

"Sikwenda."

"Hukwenda kabisa?"

"Nilipitiwa na usingizi."

Safari hii hakuna aliyecheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Wanawake wa nyuma walitoa sauti ndogo, ile ya mtu akiona chungu kinaanguka.

Uamuzi uliandikwa siku hiyo hiyo. Ardhi ibaki kwa kambi kama ilivyogawiwa na serikali ya kijiji, kwa kuwa mlalamikaji mwenyewe alijitambua kuwa mgeni na hakuonyesha kujali kaburi alilolidai. Ndugu wanaweza kutembelea kaburi kwa kutoa taarifa kwa uongozi wa kambi siku saba kabla. Maziko mapya hayaruhusiwi, kwa sababu eneo ni la watalii. Mwalimu alipewa nakala asaini. Palikuwa na nafasi tatu za kujaza. Alizijaza zote.

Nje, Pius alimfuata hadi kwenye mti ambapo watu walikuwa wameegemeza baiskeli zao. "Mwalimu, gari linakwenda Mwanza. Twende niwapeleke."

Teodora ndiye aliyejibu. "Tutapanda basi, baba. Asante." Na njia nzima, kutoka pale mpaka Buzuruga, na kutoka Buzuruga mpaka Mkuyuni, hakumsemesha mumewe hata neno la kuomba asogee.

Bibi Mhoja alikuwa amekaa kitandani akiwangoja. Alisikia hatua za mwanawe mlangoni, na nadhani alijua kwa uzito wake. Mwalimu aliketi kwenye kigoda, akamweleza yote, maana sasa hapakuwa na faida ya kuficha. Alimweleza kitabu, akamweleza neno mwenyeji, akajaribu tena kueleza zile maana mbili. Mama yake alimwacha amalize.

"Kwa hiyo hukumwamkia."

"Sikumwamkia, mama."

"Saa tisa ilipofika, ulikuwa umelala."

"Nilikuwa nimelala."

Kikaango kililia jikoni, harufu ya mapanki ikaingia. Bibi kizee alipapasa kingo za godoro lake la sufi.

"Kitanda chenyewe kilikuwaje?"

Mwalimu alidhani anasimangwa, akainamisha kichwa. Lakini mama yake alirudia swali, akitaka jibu.

"Kilikuwa kizuri, mama. Kipana."

"Shuka?"

"Nyeupe. Zimepigwa pasi."

"Baridi ya ziwani haikukusumbua? Pale Isenyelo palikuwa na baridi alfajiri, nakumbuka."

"Hapana. Waliniwekea chupa ya maji ya moto miguuni." Akaisikia sauti yake mwenyewe ikilainika katika kuikumbuka chupa ile, akainamisha tena kichwa.

Bibi Mhoja aliitikia kwa kichwa, polepole, mara nyingi.

"Basi vizuri," akasema. "Kati yangu na wewe, mmoja amelala Isenyelo."

Akajifunika khanga mpaka kichwani, akageukia ukuta.